Kuuguza Vidonda vya Usoni: Tuliyojifunza Kuhusu Marhamu ya Antibiotiki

Ninaandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye ameshika tyubu ya marhamu ya antibiotiki, mtoto wake ana vidonda usoni, na hakuna aliyemweleza dawa hiyo ipakwe wapi, kwa siku ngapi, na ikomeshwe lini. Familia yetu ilipita katika hali hiyo hapa Morogoro, msimu wa masika, binti yetu akiwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, na sehemu kubwa ya taabu tuliyoipata ilitokana na dawa kutangulia kabla ugonjwa haujajulikana.

Vidonda vyenyewe vilianza chini ya pua, baada ya mafua yaliyomfanya mtoto ajifute kwa kiganja mpaka ngozi ikachubuka. Yalitokea malengelenge madogo yaliyopasuka upesi na kuacha majimaji, na muda si mrefu pale mahali palifunikwa na vigaga vya manjano, rangi ya asali. Vikatokea kidevuni, kisha kando ya mdomo. Havikumuuma sana, bali vilimwasha, naye kila alipojikuna kucha zake zilihamisha ugonjwa kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Mtaani kila aliyemwona alikuwa na jina la kuupa ugonjwa huo: jirani mmoja alisema ni ukurutu, mwingine akasema ni fangasi, na mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, aliamini ni joto la mwili linatoka. Kila jina lilikuja na dawa yake.

Baba yake alipitia duka la dawa akitoka kazini, akaeleza kwa mdomo kile alichokiona, akauziwa krimu iliyochanganya dawa tatu: betamethasoni, gentamisini na klotrimazoli. Muuzaji alimhakikishia kwamba inatibu matatizo yote ya ngozi. Krimu za namna hii zimejaa madukani na bei yake si kubwa, na ninaelewa kwa nini watu wanazipenda, kwa sababu siku za mwanzo zinaonekana kufanya kazi vizuri mno. Wekundu ulipungua, mwasho ukatulia, mtoto akalala usiku kucha. Kabla ya wiki kwisha malengelenge mapya yalikuwa yameshafika shavuni.

Betamethasoni ni steroidi yenye nguvu, na kazi yake ni kutuliza mwitikio wa kinga ya mwili mahali ilipopakwa. Ndiyo maana wekundu na mwasho huondoka haraka hata kama vimelea viko palepale. Klotrimazoli huua fangasi, na binti yetu hakuwa na fangasi. Gentamisini kweli ni antibiotiki, lakini haina nguvu ya kutosha dhidi ya streptokoka, bakteria ambao ni miongoni mwa wasababishaji wakuu wa ugonjwa aliokuwa nao. Kwa hiyo uso ulionekana kupata nafuu huku ugonjwa ukienda chini kwa chini kama moto wa pumba. Na hata mtu ambaye kweli ana choa, yaani fangasi wa ngozi, hasaidiki na mchanganyiko huo, kwa sababu steroidi huufuta ule mviringo unaoutambulisha ugonjwa, fangasi wakaendelea kutambaa, na anayekuja kumpima baadaye akapata shida kujua anatazama nini. Steroidi kali ikiendelea kupakwa usoni kwa muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba, mishipa midogo ionekane, na chunusi zitokee kuzunguka mdomo. Kwa mtoto hali hiyo huja mapema zaidi kuliko kwa mtu mzima.

Tulikwenda hospitali. Tulibahatika kupokewa na tabibu aliyesomea magonjwa ya ngozi katika kituo cha mafunzo ya kanda kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho tangu 1992 kimekuwa kikiwafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Nalitaja hili kwa sababu wazazi wengi hawajui kwamba wataalamu wa aina hiyo wapo hata nje ya hospitali kubwa za Dar es Salaam, na kwamba inawezekana kuuliza mapokezi kliniki ya ngozi hufanyika siku gani kabla ya kupoteza nauli. Kabla hajamgusa mtoto aliomba kuona kila tulichokuwa tumempaka. "Mama, hii mmeanza kuitumia lini?" aliuliza kwa upole huku akisoma maandishi madogo ya ile krimu, kisha akatuagiza tuiache siku hiyohiyo. Nenda na kila dawa uliyotumia, pamoja na boksi lake, maana jina tunalolikumbuka mara nyingi ni rangi ya boksi tu.

Alituambia ni impetigo, yaani maambukizi ya bakteria katika tabaka la juu la ngozi, yanayosababishwa na stafilokoka, au streptokoka, au wote kwa pamoja. Hupendelea watoto wadogo, joto na unyevunyevu, na huingia pale ngozi ilipofunguka: chini ya pua yenye mafua, mahali mbu alipouma, au penye upele uliokunwa. Akampima joto, akampapasa tezi za shingo, akamvua nguo na kumkagua mwili mzima. Nilipouliza kwa nini anatazama mgongo na miguu ilhali vidonda viko usoni, alinieleza kwamba uamuzi wa kutumia dawa ya kupaka unategemea ukaguzi huo. Vidonda vikiwa vichache, vimekaa eneo moja, na mtoto hana homa, marhamu inatosha. Vikiwa vimeenea, au malengelenge ni makubwa, au mtoto ana homa na mwili umemlegea, anahitaji dawa ya kumeza au hata ya sindano, na kuendelea kumpaka ni kumcheleweshea matibabu. Wekundu unaosambaa kwa kasi, ngozi yenye joto na maumivu makali, michirizi myekundu inayopanda kutoka kwenye kidonda, au uvimbe unaokaribia jicho ni dalili za kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kisha akamtazama kope, akabonyeza kifundo cha mguu wake kwa kidole, akauliza mkojo wake una rangi gani. Swali hilo lilinitia hofu kuliko yote. Aina fulani za streptokoka wa ngozini huweza kufuatiwa, wiki chache baada ya vidonda, na uvimbe wa vichujio vya figo. Uso huvimba hasa asubuhi, mkojo hupungua na kugeuka rangi ya kahawia, na shinikizo la damu hupanda. Tatizo hilo halitokei mara nyingi, na watoto wengi wanaolipata hupona kabisa, lakini kupona kwa ngozi hakumaanishi kwamba hatari hiyo imepita. Kwa wiki zilizofuata nilikuwa nikiamka namtazama uso kabla sijafanya kitu kingine chochote, na nilimwomba aniite kila alipokwenda kukojoa, jambo ambalo alilichoka haraka. Uso haukuvimba. Hata hivyo nashukuru kwamba tuliambiwa, kwa kuwa mzazi asiyejua hawezi kuhusisha kidonda kilichokwisha kukauka na kope zilizovimba wiki tatu baadaye.

Dawa aliyoandikiwa ilikuwa marhamu ya mupirosini ya asilimia 2, ipakwe mara tatu kwa siku kwa siku tano, kisha turudi. Antibiotiki hii ilipatikana kutoka kwa bakteria wengine, Pseudomonas fluorescens, na huwazuia vimelea kuunda protini kwa njia ambayo haitumiwi na antibiotiki nyingine tunazozijua hospitalini. Ipo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tyubu moja ndogo ilitugharimu mara kadhaa ya bei ya krimu ya kwanza, na ukijumlisha nauli, gharama ya kumwona tabibu na siku za kazi nilizokosa, mwezi ule bajeti ya nyumba iliyumba. Wengine huandikiwa asidi ya fusidi ya asilimia 2, ambayo nayo hutumika kwa ugonjwa huu, ila si vizuri kukubali kubadilishiwa dukani pasipo aliyeandika cheti kujua. Uingereza, tangu 2020, mwongozo wao wa kitaifa unashauri mgonjwa mwenye vidonda vichache na asiye na homa aanzishiwe krimu ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 1, ili antibiotiki zihifadhiwe. Nasisitiza kwamba hiyo ni krimu maalumu. Haifanani na dawa ya maji ya chupa ambayo watu humimina kwenye vidonda mpaka vitoe povu.

Namna ya kupaka ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi wa maelezo yake, na ninaamini ndiyo iliyomponya mtoto sawasawa na dawa yenyewe. Kwanza unanawa mikono kwa sabuni. Unalowesha kitambaa safi kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, unakiweka juu ya vigaga kwa dakika kadhaa hadi vilainike, kisha unafuta taratibu. Kigaga kinachogoma kutoka unakiacha, maana kukibandua kwa nguvu ni kufungua kidonda upya. Dawa ikipakwa juu ya kigaga kigumu inabaki hukohuko juu, haifiki waliko bakteria. Unakausha kwa kugusagusa, na kitambaa hicho hakitumiki tena mpaka kifuliwe. Unachukua dawa kidogo kwa kijiti cha pamba au kidole safi, unapaka tabaka jembamba juu ya kidonda na ukingo wake tu, si uso mzima, na mdomo wa tyubu haugusi ngozi kamwe, kwa sababu ukishagusa usaha unarudisha vimelea ndani ya dawa. Halafu unanawa tena. Binti yetu alikuwa na tabia ya kulamba midomo, hivyo tulimpaka baada ya kula na tukamshughulisha kwa hadithi mpaka dawa ikae. Kwenye macho haipakwi kabisa, na ndani ya pua haipakwi hii ya ngozi, kwa kuwa ya puani hutengenezwa kwa namna nyingine. Haichanganywi na mafuta, losheni wala dawa nyingine mahali hapohapo, kwani hupungua nguvu.

Tulionywa kwamba anaweza kuhisi mchomo kidogo mara baada ya kupakwa, na kweli alilalamika mwanzoni. Lakini kama ngozi ingekuwa nyekundu zaidi pale tu dawa ilipofika, ikavimba au kuwasha kupita awali, tungepaswa kuiosha, kuiacha na kurudi. Tulielezwa pia mipaka ya muda: kama baada ya siku tatu hadi tano hakuna nafuu yoyote, dawa hiyo haiongezwi wiki nyingine kwa matumaini, bali mgonjwa anarudi kuangaliwa upya, na kwa hali yoyote haipakwi zaidi ya siku kumi. Kwetu vidonda vilianza kukauka mapema, na kishawishi cha kuacha kilikuwa kikubwa, hasa asubuhi zenye haraka. Tulimaliza siku tulizoandikiwa, na tulipomaliza tukaacha.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya usafi, nayo ilichosha kuliko dawa. Taulo lake lilitengwa, mashuka na foronya vilifuliwa kwa maji ya moto, vikaanikwa juani na kupigwa pasi, na kucha zilikatwa fupi. Hakwenda shule mpaka vidonda vilipokauka. Nilizungumza na mwalimu wake mapema, kwa sababu siku za mwanzo wenzake walikuwa wamemkimbia, na alirudi nyumbani akiuliza kama yeye ni mchafu. Impetigo huambukiza kwa kugusana, hivyo tahadhari ni ya lazima, lakini haina maana kwamba mtoto haogeshwi, na mtoto anastahili kuambiwa hivyo kwa maneno yaliyo wazi.

Habari ya tyubu ya dawa nyumbani husambaa haraka. Mdogo wake alipata kidonda mguuni, mahali alipoumwa na mbu, na hatukumpaka dawa ya dada yake kwa kukisia. Alipelekwa, akaonekana ana ugonjwa uleule, akaandikiwa ya kwake. Kugumu zaidi kulikuwa kwa mama mkwe, ambaye ana kisukari. "Mwanangu, nipake na mimi kidogo hapa kwenye kidole cha mguu," aliniambia jioni moja, na kumkatalia mzazi wa mume si jambo jepesi. Nilimwomba anisamehe, nikamweleza kama nilivyoelezwa: kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari hakipaswi kufunikwa na marhamu kabla hakijaonwa, kwa sababu juu kinaweza kuonekana kidogo huku ndani kimeenda mbali. Tena mupirosini ya marhamu imekorogwa katika poliethilini glaikoli, kitu ambacho hupenya mwilini kupitia jeraha kubwa lililo wazi na kutolewa na figo, na mtu mwenye figo zilizodhoofika anaweza kudhurika. Kwa sababu hiyohiyo haifai kumwagwa kwenye sehemu kubwa iliyoungua. Alikubali, tukaenda naye kliniki ya kisukari, na mguu wake ukaanza kuhudumiwa inavyostahili. Shemeji yangu naye alikuwa na jipu kwapani akitaka apakwe, lakini jipu lililokwisha kuiva huhitaji kupasuliwa na kutolewa usaha na mtu aliyefunzwa. Marhamu haifiki huko chini.

Nilipoanza kuwasimulia majirani, nikagundua kwamba kupaka antibiotiki bila mpango kuna sura nyingine nyingi. Wapo wanaofungua kapsuli za antibiotiki na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda. Unga huo ulitengenezwa kwa ajili ya kumezwa. Kwenye kidonda hakuna anayejua kipimo chake, unagandamana na usaha na kuuzuia kutoka, na dawa za jamii ya penisilini zikipakwa kwenye ngozi huweza kumzoesha mtu mzio ambao siku moja utamletea hatari akichomwa sindano. Wapo pia wanaotegemea poda ya vidonda yenye neomisini na besitrasini. Dada yangu aliinyunyizia kwenye mchubuko wa goti, goti likawasha na kutoa malengelenge madogo, naye akidhani kidonda kimezidi akaongeza poda. Ilikuwa mzio wa dawa. Neomisini inajulikana sana kwa hilo, kiasi kwamba chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kiliitangaza kuwa kizio, yaani kitu kinacholeta mzio, cha mwaka 2010. Mchubuko wa kawaida uliosafishwa kwa maji safi na sabuni, ukapakwa mafuta ya mgando na kufunikwa, hauhitaji antibiotiki yoyote.

Jambo la mwisho alilonieleza yule tabibu tuliporudi kwake ndilo ninalolifikiria zaidi. Stafilokoka huishi puani mwa takriban watu watatu kati ya kumi bila kuwadhuru, na ndio maana vidonda hivi huweza kumrudia mtoto anayechokonoa pua. Mupirosini ni dawa ambayo madaktari huitumia kuwaondoa bakteria hao puani kwa baadhi ya wagonjwa kabla ya upasuaji, wakiwemo wale stafilokoka sugu ambao antibiotiki nyingi za kawaida haziwawezi tena. Kila tunapoipaka kwenye kila kipele, kwa wiki nyingi, au siku mbili kisha tukaacha, tunawapa bakteria nafasi ya kuizoea, na usugu huo hauishii nyumbani kwa aliyepaka. Atakayekosa dawa anaweza kuwa mgonjwa aliye mezani akisubiri kubadilishiwa nyonga. Kwa hiyo dawa iliyobaki haikuwekwa kabatini kungojea kidonda kijacho, na hakuna ndugu aliyegawiwa.

Vigaga vilipokwisha, usoni palibaki madoa, mengine meupe kidogo kuliko ngozi yake na mengine meusi zaidi. Ndugu wawili watatu walitushauri turudie ile krimu ya kwanza, kwa hoja kwamba inang'arisha, na hiyo ndiyo sababu wengi huipaka hata pasipo ugonjwa. Hatukuirudia. Impetigo hukaa juu juu ya ngozi na kwa kawaida haiachi kovu. Doa linalobaki halina vimelea, hivyo halihitaji antibiotiki, wala steroidi, wala krimu za kuondoa madoa zinazouzwa bila maelezo ya kilichomo. Tulimpaka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, tukamkinga na jua kali, na madoa yakafifia taratibu katika miezi iliyofuata. Doa likizidi kupauka, likianza kuwasha, au likitoa malengelenge tena, mrudishe mtoto kliniki ya ngozi akaangaliwe.